Siku ya Kuipandisha Jezi

Harlan Mills, Indiana
9 Novemba 2009

Mwanangu Vernell,

Salamu nyingi. Hujambo huko Phoenix, na wajukuu wangu hawajambo? Mimi mzima, ila presha inanisumbua kidogo. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei.

Shule yako ya zamani itaipandisha jezi yako ya mpira wa kikapu kwenye dari ya ukumbi, Ijumaa tarehe kumi na tano Januari. Namba ile hataivaa mtu tena. Tangu ukumbi ujengwe zimepanda jezi tatu tu, na mwenye jezi ndiye huvuta kamba. Rufus kinyozi ameshasema siku hiyo hanyoi mtu.

Njoo, mwanangu. Miaka minne hujakanyaga nyumbani, na hujaniambia nimekukosea nini.

Baba yako

---

Phoenix, Arizona
2 Desemba 2009

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, wasichana wanakusalimu.

Umeuliza, nakujibu. Daktari aliyeniwekea goti la chuma aliagiza mafaili yangu yote, hata ya ujanani. Humo nilikuta nakala ya barua uliyoandikiwa na daktari wa hapo nyumbani, Machi 1989: gegedu la goti limechanika, asicheze wiki sita. Fainali ya jimbo ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile. Mimi uliniambia ni uchovu tu, na kocha ukamwambia hivyohivyo. Nikacheza.

Nimecheza ligi kuu miaka tisa, timu tano, na kote nilichomwa sindano ya ganzi ndipo niingie uwanjani. Nikichechemea, mashabiki waliniita mvivu. Leo nina miaka thelathini na minane na siwezi kuchuchumaa kumfunga binti yangu kamba za viatu.

Nitakuja kwa sharti moja. Niahidi kwamba utasimama mbele ya ukumbi mzima, useme ulichofanya. La sivyo, kamba ivute mwenyewe.

Mwanao

---

Harlan Mills
14 Desemba 2009

Vernell,

Mimi sijambo. Naona umeota ulimi.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa, watu hawana la kufurahia ila wewe. Nani alikuwa akiamka alfajiri kukurudishia mpira? Bila Jumamosi ile, hao wa ligi kuu wangekujulia wapi? Usinipangie la kusema mbele za watu.

Baba

---

Phoenix
20 Desemba 2009

Baba,

Shikamoo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ungenionyesha ile barua, huenda ningesema nacheza tu. Hukunionyesha.

Siji.

Mwanao

---

Harlan Mills
16 Januari 2010

Mwanangu,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Mimi nimeamka, siwezi kusema zaidi.

Kiti chako kilikaa kitupu. Nilipokiona, hotuba niliyoandaa ikanitoka. Nikashika kipaza sauti nikasema yote: barua ya daktari, uongo niliomwambia kocha. Nikasema, "Mwanangu alicheza fainali ile na goti limechanika, na mkosaji ni mimi."

Wakasimama, Vernell. Ukumbi mzima, makofi mpaka masikio yaliniuma. Rufus anapiga kelele, "Huyo ndiye mwanamume! Siku hizi wakiumwa kucha wanalala!" Nikarudi kwenye kipaza sauti niwaambie kwamba sijisifu, naungama. Bendi ilikuwa imeshaanza, na mwalimu mkuu akanitia kamba mkononi. Nikavuta. Niliona aibu, lakini nilivuta.

Mlangoni kocha mpya akanishika mkono. Ana mchezaji amevimba goti, na alitaka kumpumzisha mechi ya Ijumaa ijayo. Akasema, "Mzee, umenifungua macho. Namchezesha." Nikamwambia asithubutu. Akacheka, akasema, "Ninyi wazee wa zamani hampendi sifa."

Nimemfuata tena leo asubuhi. Hanisikii. Wewe atakusikia. Sikuombi unisamehe, nakuomba umpigie simu kabla ya Ijumaa. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Baba yako

---

Phoenix
23 Januari 2010

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, Jumamosi.

Nimempigia. Kabla sijasema neno, ameniambia kijana alicheza dakika zote, na wameshinda.

Mwanao