Ng'ombe Waliopitishwa Miibani

Shikamoo Baba. Najua mdogo wangu Anna ndiye anayekusomea kadi hii, mwache asome taratibu. Hapa Tarime, kwenye shule ya misheni, watoto wa darasa la kwanza huandika uwanjani, chini kwenye vumbi, kwa vidole, maana vibao havitoshi. Jana walipoingia kanisani kusali, mzee mmoja Mkurya akaja na ng'ombe wake. Alipoyaona yale maandishi alikimbia mbele, akawapitisha ng'ombe kwenye miiba ya kando ya uwanja huku akiwafokea. Nikamuuliza kama anajua kusoma. Akacheka.

“Sijui. Ila binti yangu Bhoke ameandika jina lake hapo, na mimi sijui ni lipi.”

Mungu akuponye kikohozi, Baba. Naomba Anna usimtoe shuleni.

Mwanao, Paulo