Kitufe cha Fundi Seremala

Shoga, umewahi kumpigia simu mtu mliyeketi naye sebule moja? Mimi leo nimempigia!

Mjukuu wangu, yule mtengeneza tovuti, alimleta nyumbani fundi seremala aione tovuti aliyomtengenezea. Kazi ya kwanza ya mtoto hiyo! Kila ukurasa huujaribu kwenye kisimu changu. Eti ukisomeka humu, utasomeka popote.

Fundi akakunja uso. "Mwanangu, picha nzuri, na ile hadithi ya mbao umeiandika vizuri. Lakini nani atanitafuta humu? Bora tuache."

Mtoto akanywea. Mimi huku nasogeza picha za vitanda, jamani vitanda! Kidole gumba kikagusa kitufe cha kupiga simu.

Simu ya fundi ikalia mfukoni. Akatoka mbio barazani. "Karibu mteja! Umetuona wapi?"

Shoga, nilitamani ardhi ipasuke. Nikajibu, "Kwenye tovuti."

Kwenye tovuti! Akachungulia dirishani, akaniona na simu sikioni. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Kumbe inaleta wateja kweli! Haya bibi, agiza."

Maji nimeshayavulia nguo, nikayaoga.

"Nataka kitanda cha peke yangu, baba. Huyu fundi wa tovuti ninayelala naye ana mateke!"