Oksijeni Mbili za Keshero

Goma, Alhamisi. Upepo hakuna kabisa, moshi wa Nyiragongo umesimama wima juu ya mlima. Siku tulivu kama hii ndizo ninazoziogopa.

Leo nimerudia lile somo. Wiki mbili nzima nimelikwepa, mpaka mkuu wa shule, sitwayeni kama tunavyomwita, akaniuliza kulikoni. Nikavaa suti yangu ya abakosti, nikaenda kuandika ubaoni: elementi, molekuli, kompoze. Chaki imenivunjikia mkononi mara mbili.

Mwaka jana nililifundisha kwa mbwembwe. Nilitaka kuwatoa wanafunzi hofu ya mazuku, ile hewa mbaya inayolala mashimoni kule Keshero siku zisizo na upepo na kuua mbuzi. Si pepo, niliwaambia, ni kompoze tu, elementi zilizofungana: kaboni moja na oksijeni mbili. Mwanafunzi mmoja, Kavira, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii hewa tunapumua, molekuli yake si iko na oksijeni mbili vilevile? Basi hata mule shimoni mutu anaweza kupumua?" Kengele ikalia. Nikacheka, nikamwambia ana akili kali, nitamjibu kesho.

Sikumjibu.

Asubuhi iliyofuata mbuzi wao aliteleza shimoni, Kavira akashuka kumtoa. Hawakupanda tena, yeye wala mbuzi. Sentensi moja tu nilimnyima: oksijeni ikiwa yenyewe kwa yenyewe tunaivuta tunaishi, lakini ikishafungana na kaboni imekuwa kitu kingine kabisa, na kitu hicho hakitupi pumzi.

Familia ikasema ni uchawi. Shangazi yake, mjane aliyekuwa anaishi nao, akanyooshewa kidole, akafukuzwa na mkeka wake kichwani mpaka Kibati. Nilikuwepo pale matangani, nimekaa karibu naye kabisa. Nikanyamaza. Mwoga mimi!

Tangu hapo namsikia Kavira akiuliza, hata nikiwa nanyoa ndevu, hata kanisani. Anauliza kwa adabu ileile, na mimi bado nacheka. Leo darasani nilipofika kwenye kaboni, niliweka chaki chini. Nikawaacha wanafunzi wamekaa, nikashika njia ya Keshero hadi kwa mama yake. Nikamwambia yote. Nilitegemea atanitukana, na kusema kweli nilitaka anitukane.

Mama Kavira alikuwa anamenya mihogo. Akaweka kisu chini.

"Najua, mwalimu. Nilimukataza kushuka. Akaniambia, mama, mwalimu amesema mule muko oksijeni. Nikamuacha."

Kumbe tulikuwa wawili. Mwaka mzima kila mmoja wetu amemwachia yule mjane abebe mzigo ambao si wake, na kila mmoja alikuwa anajua.

Tulilia pale, mihogo ikakauka kwenye beseni.

Kesho asubuhi tunakwenda Kibati, mimi na Mama Kavira, kumwomba shangazi arudi nyumbani. Nani kati yetu ataanza kusema, hatukupatana.