Samli kwenye Risasi

Banissa, Jumatano

Samli! Mtu mzima anapaka risasi samli! Abdi, mwenzangu katika polisi wa akiba, anasema eti zisishike kutu. Bunduki zetu hizi za Mwingereza zimewazidi baba zetu umri, na yeye anazilisha kama wageni.

Leo fisi walivamia mbuzi kisimani. Abdi akafyatua mara tatu: tik, tik, tik. Baruti imelowa samli. Mbuzi wawili wamekwenda.

"Walaal, ndugu yangu, baba alifanya hivi hivi," akaniambia.

Baba yake alikuwa akipaka mkanda wa ngozi wa kubebea risasi!

Kesho tunalinda kisima pamoja, kwa hiyo nikampa risasi zangu tano, nilizozichagua moja moja, kavu, zisizo na kutu. Akanishukuru sana.

Magharibi nimempitia kwake. Amekaa na kopo, anazipaka samli.