Loki ya Mbele

Ballarat, 11 Agosti

Baba mpendwa,

Hujambo huko Maffra? Mimi mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo. Mguu wako unaendeleaje, na kuku wanataga?

Nimenunua gari. Usinikaripie kwanza, soma mpaka mwisho. Ni Landkruza kuukuu ya dizeli, ya mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu. Ina hema juu ya paa na jiko la gesi nyuma, lakini haina loki ya difu hata moja. Nataka kuvuka bonde la Wonnangatta milango ya njia za milimani, inayofungwa majira ya baridi, itakapofunguliwa mwanzoni mwa Novemba, wikendi ya mbio za farasi za Kombe la Melbourne, kama tulivyokuwa tukienda tangu sijang'oka meno ya utoto. Fundi wangu, Radek, anauliza tufunge loki ya nyuma tu, au nyuma na mbele. Nimemwambia asubiri nimuulize mzee wangu, aliyefungua difu za watu maisha yake yote.

Nawe unakuja, sivyo? Bila wewe sijui nani atanitangulia mtoni.

Mwanao,
Tamsin


Maffra, 19 Agosti

Binti yangu Tamsin,

Salamu nyingi. Mguu umepona, kuku wamegoma. Umekula? Ukiwa na gari jipya huwa unasahau kula.

Umenunua gari bila kuniita nilale chini yake nilitazame. Haya, yamepita. Sikiliza. Tairi moja likining'inia hewani, difu, inayogawia magurudumu nguvu ya injini, huipeleka yote huko huko hewani, nawe unabaki pale pale unanguruma. Loki inayalazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja, gari likatoka. Chukua ile ya kubonyeza swichi, unayoiwasha na kuizima mwenyewe. Usikubali ile inayojiwasha yenyewe. Kwenye mteremko wa tope itayatelezesha magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja, ujikute umelala ubavu kwenye mti.

Funga zote mbili, nyuma na mbele. Ya mbele uitumie kwa nadra, maana ukiiwasha usukani unakuwa mgumu na gari halitaki kukata kona. Lakini uwe nayo, kwa sababu mimi sitakuja. Klabu ya boli wamenikabidhi nyasi za uwanja wao wa kuviringishia mipira, nizitunze. Mtu mwenye mwenzake, ya nyuma inamtosha. Mwenzake anashuka, anaingia majini na fimbo, anatafuta mawe na mashimo, kisha anamwelekeza kwa mikono. Aliye peke yake hana wa kumwambia kitu.

Baba yako


Ballarat, 27 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo, ingawa leo siulizi kwa mazoea.

Tangu lini nyasi za klabu zikakuzuia kwenda milimani? Mwaka ule ulikuwa na homa, mama akakufichia viatu, ukaenda na ndara. Na barua yako, baba, mistari inapanda na kushuka, mingine imekaa juu ya mwenzake. Nilimpigia jirani yako Voula. Ameniambia uligonga nguzo ya geti lako mwenyewe, na alipokuuliza ukasema nguzo imesogea. Alicheka, mimi sikucheka.

Macho yako yana nini?

Mwanao,
Tamsin


Ballarat, 20 Septemba

Baba,

Wiki zimepita na simu hushiki. Voula anasema u mzima, unakunywa chai, unagombana na redio. Kwa hiyo ni mimi tu usiyetaka kusema nami. Radek ameshaagiza loki zote mbili. Mimi naulizia macho.

Tamsin


Maffra, 26 Septemba

Tamsin mwanangu,

Usinikasirikie. Voula ndiye anayeandika hii, mimi nasema tu, naye ameapa hataongeza lake. (Ninaongeza moja: mkaidi huyu. V.)

Macho yamejaa ukungu tangu mwaka jana. Taa za magari naziona zimechanua kama maua. Unamkumbuka baba yako mdogo Lindsay, presha ya macho ilivyomla polepole mpaka tukawa tunamshika mkono kwenda chooni? Nilijua zamu yangu imefika. Sikwenda kwa daktari kwa sababu niliogopa anithibitishie.

Nyasi za klabu zilikuwa uongo. Kukaa karibu na wewe garini siku nne nisingeogopa. Nilichoogopa ni mto. Wewe ukiwa kwenye usukani huangalii maji, unaangalia mikono yangu, na ninapokuelekeza unakuja bila kuuliza. Ningesimama pale nikakuita juu ya jiwe nikidhani ni kivuli, nawe ungekuja. Ndiyo maana nikakwambia ufunge loki zote mbili. Chuma hakizeeki macho.

Voula amenipatia nafasi kwa daktari wa macho mjini Sale, wiki ijayo. Nitakwenda. Wewe funga loki ya mbele, uache kunisubiri.

Baba yako


Ballarat, 30 Septemba

Baba yangu,

Mshukuru sana Voula, na umwambie ninakubaliana naye. Nimelia, kisha nikanywa chai, sasa ni mzima.

Loki ya nyuma tayari imefungwa. Nilipanda na gari kwenye korongo nyuma ya machimbo, tairi moja likabaki hewani, nikabonyeza swichi, likatoka taratibu kabisa. Ungependa kuliona.

Ya mbele bado iko ndani ya boksi kwenye rafu ya Radek. Ananuna, anasema kuna mteja mwingine anaitaka. Nimemwambia aisubirishe. Nikiifunga leo nitakuwa nimekubali kwamba hutanitangulia tena mtoni, na mimi sijakubali. Daktari akisema ni kama ya baba mdogo, nitaifunga, na utakaa karibu nami garini hata ukiwa huoni kitu, nikusimulie njia nzima. Uniandikie lolote litakalokuwa.

Mwanao,
Tamsin


Maffra, 25 Oktoba

Tamsin wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na leo naandika kwa mkono wangu. Tazama mistari.

Si presha ya macho. Ni mtoto wa jicho, kitu cha wazee, kinatolewa unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Daktari aliponiambia nilimwomba arudie, akarudia, nikamshika mkono nikasahau kuuachia. Wameshafanya jicho la kulia, la kushoto ni baada ya Krismasi. Nimekaa mwaka mzima nikimlilia Lindsay na kujililia mimi mwenyewe, kumbe bure. Nina furaha mpaka kuku wananishangaa.

Kesho yake asubuhi nilikaa dirishani nikaona majani ya mkalitusi moja moja. Nikageuka nikaona jiko langu. Mbona hamkuniambia ni chafu hivyo? Voula anasema alidhani ndivyo ninavyolipenda. Nguzo ya geti nimeikagua, haijasogea.

Jana daktari alinitazama tena. Kuendesha gari bado hajaniruhusu. Nilimuuliza kuhusu kuingia mtoni mpaka kiunoni, akacheka, akasema maji yasifike machoni tu. Fimbo yangu ya zamani nimeipata nyuma ya banda la kuku. Njoo unichukue Ijumaa ile kabla ya Kombe, na ulete soksi za sufu, maana maji ya Wonnangatta unayajua.

Na mwambie Radek ampe yule mteja loki yake ya mbele. Mbele nitatembea mimi.

Baba yako