Redio na Utumbo wa Mbuzi

Dada Rehema,

Salamu kutoka Gorong'a, huku Tarime, ambako baridi ya asubuhi imenivalisha makoti mawili kama mlinzi.

Jana wenyeji wangu walinipa mbuzi, na kisu pia, maana Mwislamu hapa ni mimi peke yangu. Nilipokwisha kuchinja, Mzee Chacha, mwenye mji, alitandaza utumbo juu ya majani ili ausome, kama ilivyo desturi yao. Wakati huohuo redio ilikuwa ikitangaza kwamba pwani ya kaskazini, ndiyo huko kwetu Tanga, kiangazi kitaanza kikavu. Nikafurahi, nikamweleza mzee kuwa umeezua paa zima, unangoja mafundi waweke bati jipya.

Akagusa mshipa mmoja kwa kijiti.

"Mura," ndivyo wanavyomwita kijana huku, "kwenu naona maji."

"Redio imesema jua, mzee."

"Redio imechinja nini?"

Nikamgeukia mkewe ili tucheke wote. Hakucheka.

"Huyu akisema jua usimsikilize, ulezi wangu niliouanika uliwahi kunyeshewa ukaota uani. Lakini mvua hajaikosea."

Tangu hapo simu yako haipatikani, na nyama hainishuki. Kadi hii nampa kondakta wa basi la leo. Hamishia watoto na magodoro kwa shangazi kwanza, kisha ndiyo unicheke. Isiponyesha, mzee amekwisha kusema kosa litakuwa la mbuzi.

Mungu awaweke salama, na wakavu.

Kaka yako,
Salimu