Ushindi Uliotuletea Kipa Mwingine

Guangzhou, Jumapili, Machi 1999

Leo tena hakuna jua. Ni ule unyevu wa mwezi huu, kuta za bweni zinatiririka maji, na shati nililoanika juzi bado bichi. Hamidu, ninayekaa naye chumba kimoja, ameamka, akafungua dirisha, akanitazama, akalifunga, akaondoka bila kunisemesha. Mzanzibari yule akinyamaza ujue hali yangu ni mbaya.

Sina hamu ya kitu chochote.

Ngoja nieleze, maana huenda wapo wanaofungua ukurasa huu kwa bahati mbaya. Mimi ni kipa wa chuo chetu. Nilikuwa. Chuo chenyewe ni cha barabara na madaraja, mpira si fani yake, na timu ilikuwa ya kuokoteza: Wachina walioshindwa kuingia timu ya kikapu, Wakongo wawili, Hamidu mbele, mimi golini. Kocha wetu, Mwalimu Liang, alikuwa akipita vyumbani kubembeleza watu waje kucheza, na watu wakisikia sauti yake wanajifanya wamelala.

Basi Desemba tukawafunga chuo cha michezo. Moja bila. Vijana wale asubuhi mpira, jioni mpira, walikuja na basi lao na daktari wao. Hamidu akafunga kwa goti, nami nikaokoa penalti kwa uso. Sitanii, kwa uso, pua ikavimba wiki nzima. Sikuuona hata ule mpira. Lakini waliokuwa wakitazama hawakujua hayo, wao waliona shujaa.

Toka siku ile uwanja haukuwa na nafasi. Wanafunzi waliokuwa wakitukimbia wakaanza kupanga mstari wajaribiwe. Vijana wa mikoa ya mbali wakawa wanapiga simu kuuliza namna ya kuingia chuoni, eti wana hamu ya kusomea madaraja. Mkuu wa chuo akaja kutazama mazoezi na mwavuli wake. Hata wafanyabiashara wetu wa pale soko la Zhanxi, ambao siku zote huniita nikawatafsirie bei za viatu, wakaacha kuniita mkalimani wakaniita kipa. Nikajiona mtu wa maana. Jamani, kichwa kilivimba kuliko pua.

Mwezi wa kwanza mkuu wa chuo akatoa nafasi ya ufadhili kwa mchezaji mmoja mgeni. Isingekuwa ushindi ule, isingekuwapo. Na mimi niliihitaji kuliko mtu yeyote. Namaliza Julai, na shirika lililonileta huku limeshauzwa, ofisi yangu kule Tanga sasa ni ghala la mtu. Nikirudi, sirudi kazini, narudi kukaa sebuleni kwa mama nikisubiri chakula. Nikiipata, ningebaki nisome shahada ya pili, na huenda kufikia hapo nchi ingekuwa na kazi ya kunipa.

Mwalimu Liang hakuwahi kuniambia kuwa ni yangu. Lazima niseme haki. Aliloniambia ni kwamba nimsaidie kutafuta wachezaji miongoni mwa Waafrika wenzetu waliotawanyika kwenye vyuo vingine. Mimi nikaona ameniamini. Nikazunguka mji mzima, na ng'ambo ya mto nikampata Otieno, Mkenya, anasoma lugha kwa kujilipia. Kijana mrefu huyo, anagusa mwamba wa goli bila kuruka. Nikamwalika chumbani, nikampikia pilau, nikaisifia timu mpaka Hamidu akanikonyeza ninyamaze.

Akakubali kuja kwetu, nami nilidhani atakuwa kipa wa akiba.

Ijumaa Mwalimu akatangaza kuwa atatulisha wote kesho yake, hoteli moja karibu na bustani ya Liuhua. Akanivuta pembeni akaniambia nivae shati la kola, maana nitakaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Mimi nimekaa nchi hii miaka mitano, mambo yao ya mezani nayajua. Kiti kile ni cha mwenye heshima kuliko wote. Sikulala kwa furaha. Jumamosi mchana nikampigia mama kwenye simu ya jirani, nikamwambia mwanao anabaki, amepata. Mama akapiga kigelegele, nikasikia na jirani naye akidakia. Kabla sijakata simu alikuwa ameshaanza kuwataja atakaokwenda kuwaambia.

Jioni nikakaa kitini pangu. Samaki akaletwa, wakageuza kichwa chake kikanielekea mimi. Mwalimu akanimiminia chai kwa mkono wake, nikagonga meza kwa vidole viwili kumshukuru kama wanavyofanya wao, na Wachina wakacheka kwa kupendezwa. Nilikuwa nimejiandaa hata maneno ya kusema. Kisha Mwalimu akasimama.

"Kaka yetu mkubwa anatuacha Julai," akasema. "Alitulindia goli, na ametutafutia atakayelilinda baada yake."

Akamshika Otieno bega, akasema nafasi ya ufadhili ni yake. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Kumbe kile kiti ni cha mgeni. Wenye nyumba wanakaa popote. Mimi mjuzi wa mambo ya mezani sikujiuliza hata mara moja tangu lini kipa wa timu akawa mgeni kwenye meza ya timu yake. Nilikuwa naagwa, na mimi nacheka, nagonga meza kwa vidole.

Nimejaribu kuwakasirikia, hasira haiji. Otieno ana miaka ishirini, atawadakia miaka minne. Mimi karibu nafika thelathini, na goti la kushoto likipata baridi linanikumbusha hivyo. Ningekuwa mimi Mwalimu Liang, ningemchukua Otieno. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba hakuna aliyenionea.

Leo asubuhi nilishuka hadi kwenye kibanda cha simu nimpigie mama. Nikashika mkonga, nikaurudisha. Mwenye kibanda akaniuliza kama simu mbovu, nikamwambia ndiyo.

Mchana Otieno akaja. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Manze mzee, sikujua hiyo kitu ulikuwa unaingoja wewe."

Nikamwambia hakuna neno, aingie. Akakaa kwenye kitanda cha Hamidu, kichwa chini, akaeleza kwamba baba yake alikuwa ameshamwambia arudi nyumbani kwa kukosa ada. Yaani ningekuwa sikumfuata ng'ambo ya mto, sasa hivi angekuwa anafunga mizigo yeye. Halafu akanieleza lililomleta: chuo cha michezo kinataka marudiano mwezi wa tano, na Mwalimu anauliza kama nitakubali kumnoa yeye Otieno mpaka wakati huo.

Nikakubali. Ningesema nini?

Ameondoka, na tangu hapo najiuliza swali moja. Wakishinda marudiano, watakuja wengi zaidi, wazuri zaidi, na kufikia mwakani hakuna atakayekumbuka nani alikuwa golini Desemba. Wakifungwa, mimi nitapata nini? Nimejikuta natamani wafungwe. Nimelisema kwa sauti humu chumbani peke yangu, nikaona haya.

Kesho mazoezi ni saa kumi jioni. Nitakwenda. Nitasimama nyuma ya goli, nimwelekeze kijana wa watu namna ya kukaa mahali pangu, kwa sababu hapa mjini sina pengine ninapohitajika.